Fungua Kofia ya Upande wa Pili

Kaka yangu alishuka kwenye gari.

Dakika mbili baadaye gurudumu la nyuma la kushoto liling'oka, nami niko mwendo wa mia na arobaini.

Ndugu zangu mnaosoma, lilinipita. Nililiona dirishani likienda zake mbele kama lina miadi, na kwa sekunde moja nikajiuliza, hivi hilo ni la nani?

Kisha gari likainama... cheche... mtaro... giza.

Niliamka hospitali, mtulinga umevunjika, kichwa kimeshonwa. Kaka amekaa pembeni ya kitanda, mikono yake bado ina grisi.

Nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Kwa nini ulishuka?"

Macho yake yalikuwa kwenye bandeji ya kichwa changu.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Gari lenyewe tuliliita Nyigu. Tulilinunua skrepa, mimi na yeye, tukalijenga miaka minne mpaka likawa gari la mbio la kweli, turbo na kila kitu. Wiki ile likaanza kuvuma nyuma. Ni ule mlio wa beringi zilizochoka. Unaanza kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, ukifika themanini hamsikilizani tena ndani ya gari. Tukaamua kubadili beringi zote mbili za ekseli ya nyuma.

Gereji yetu ilikuwa na sheria moja. Anayeingiza beringi ndiye anayefunga nati, na anayefunga nati ndiye anayeigonga.

Nati ya ekseli ina mdomo mwembamba. Ukishaikaza sawasawa, unaugonga ule mdomo kwa patasi mpaka ubonyee ndani ya mfereji wa ekseli, ili nati isije ikajifungua barabarani. Halafu unafunika na kofia ya bati, ukubwa wa kikombe cha chai.

Mimi nilikuwa nagonga mara moja. Kaka, kwa wasiwasi wake, aligonga mara mbili, moja huku na moja ng'ambo. Nilikuwa namtania kwamba hata mlango wa choo anaufunga mara mbili.

Yeye kushoto, mimi kulia. Ilikuwa hivyo tangu tuanze kazi.

Na lililong'oka ni la kushoto.

Sasa niambieni, ningefikiri nini?

Nilipotoka hospitali tukakutana kwa mama.

"Hukugonga nati," nikamwambia.

"Niligonga."

"Basi uliiacha makusudi. Ndiyo maana ukashuka."

Mama akatua sufuria aliyokuwa ameshika. "Mwanangu, hayo unamwambia nani?"

"Namwambia huyu aliyetaka kuniua."

Kaka hakupandisha sauti.

"Mdogo wangu," akasema, "fungua kofia ya upande wa pili, uangalie."

Nikamcheka. Upande wa pili ni wangu, kazi yangu naijua, niangalie nini huko? Nikaona ananizungusha tu. Nikamwambia asikanyage tena gereji.

Akahama mji. Nyigu nikalivuta hadi nyuma ya gereji, nikalifunika turubai.

Miaka sita.

Nilihamia chumba cha nyuma ya gereji, sufuria moja, sahani moja. Stori yangu niliisimulia kwa kila aliyekaa kwenye benchi la wateja. Kaka alishuka dakika mbili kabla! Watu walitikisa kichwa, wakanipa pole, wakachukua magari yao wakaenda nyumbani. Ile stori ilinipatia wa kunihurumia wengi. Wa kula naye hakuwepo.

Mafundi mnajua, breki haitolewi upepo na mtu mmoja. Mwenzako anakanyaga pedali, wewe uko chini unafungua. Mimi nilikuwa nakandamiza pedali kwa ubao, nimeukaza kwenye kiti. Na bado nilikuwa nasema "kanyaga" kwa sauti, nimelala pale chini ya gari, kisha najinyamazia.

Kila mwaka mama alinipigia na swali lile lile.

"Kaka yako anauliza, umefungua?"

"Mwambie sina kaka."

Jumapili iliyopita nilitimiza miaka arobaini. Simu iliita mara moja tu, mama, na mara hii hata yeye hakuuliza. Nadhani alikuwa amechoka. Nikaoga, nikavaa shati safi, halafu nikakosa pa kwenda.

Basi nikaenda nyuma, nikatoa turubai. Nilitaka tu kitu cha kushika.

Miaka sita ya kukaa inaua beringi kuliko mbio. Nilizungusha gurudumu la kulia, lile zima, likakwaruza kwa kutu. Nikalitoa. Nikachukua bisibisi, nikabandua kofia.

Nati ilikuwa na alama mbili.

Moja huku. Moja ng'ambo.

Nikakaa chini kwenye saruji na shati langu safi.

Na hapo siku ile ikanirudia yote. Beringi ya kushoto ilikuwa imegoma kutoka, kaka kaivuta mpaka kachoka. Mimi ndiye mwenye mwili, nikaenda upande wake kuing'oa. Nilipoing'oa nikaona nimalizie palepale, yeye akaenda kumalizia kwangu. Nikaingiza beringi mpya. Nikaanza kuzungusha nati kwa vidole.

Mteja akapiga honi getini.

Nikaibandika kofia ili vumbi lisiingie, nikaenda. Tuliongea, tukacheka sana. Niliporudi, miguu ikanipeleka kulia, nilikozoea. Nikakuta kofia imeshabandikwa. Nikajua kazi imekwisha.

Kaka akauliza, "Umegonga?"

Nikajibu, "Nimegonga."

Sikuangalia. Nilijibu tu, kama mtu anayeitikia salamu.

Na kuna kitu kingine, wasomaji wangu. Niliwaficha ninyi pia, kama nilivyowaficha wote wa lile benchi.

Kaka alishuka kwa sababu ndivyo tulivyojaribu beringi siku zote. Mmoja anaendesha, mwingine anasimama kando ya barabara asikilize mlio gari likipita. Nilijua kwa nini ameshuka. Nilijua hata pale kitandani nilipomuuliza. Lakini hasira ilihitaji ushahidi, nikaipa huo.

Nikampigia mama.

"Mama, naomba namba ya kaka."

Hakuuliza kitu. Aliitaja polepole, kwa kichwa, tarakimu moja moja.

Iliita sana.

"Nani?"

"Ni mimi... Kaka, nimefungua."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Ziko ngapi?"

"Mbili."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari kwa hilo. Badala yake nikasikia mtu mzima analia, ile ya kujizuia na kushindwa.

"Kwa hiyo niligonga," akasema. "Mdogo wangu, kumbe niligonga."

"Si ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Tulihangaika sana siku ile, huku na huku. Nilikumbuka nimemalizia kulia na kugonga, lakini nilipoiona damu yako sikuwa na hakika tena na chochote. Ndiyo maana nilikuomba ufungue. Nilitaka kujua kama ni mimi."

Nikaigusa ile nati kwa kidole, alama moja, kisha ya pili.

"Niliacha ufundi," akaendelea. "Nauza rangi dukani kwa mtu. Siwezi kufunga gurudumu la binadamu nikalala."

Miaka sita nilidhani anauliza kunikejeli. Kumbe alikuwa anaomba hukumu yake, na ilikuwa kwangu, chini ya turubai.

"Kaka, nisamehe."

"Nipe muda," akasema. Nadhani ana haki hiyo.

"Nitanunua beringi mbili. Ya kulia nitafunga mimi. Kushoto ni kwako, njoo Jumapili."

"Sijashika patasi miaka sita."

"Itakuwa ileile. Mara mbili."

Alivuta pumzi. "Tutaona," akasema, akakata.

Ndugu msomaji, kama kuna mtu umemfukuza kwa kosa ambalo una hakika nalo, na yeye anachoomba ni uangalie kitu kimoja tu, kiangalie leo. Mimi ilinichukua bisibisi na dakika moja, nikachelewa miaka sita.

Leo ni Jumapili tena. Geti liko wazi tangu asubuhi. Kulia nimeshafunga, nimegonga, nimeangalia mara mbili. Kushoto ekseli iko wazi na beringi mpya iko juu ya meza kwenye karatasi yake.

Breki nazo bado zina upepo. Ule ubao wa pedali nimeupasua kuni.