Vidole Viwili Pembeni mwa Picha

Duka la fotokopi la Wairimu, hatua chache kutoka uwanja wa Mkunguni mjini Lamu, lina mashine moja, feni moja, na wateja ambao kila mmoja anataka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Asubuhi hiyo Hussam aliingia na mchoro wa nakshi aliotaka ukuzwe. Alikuwa fundi wa chokaa, kikoi chake kimetapakaa weupe hadi magotini, na watu walimpisha wasichafuke. Hivyo akajikuta mbele kabisa, karibu na stuli aliyokalia msichana wa buibui na mtandio wa rangi ya zabibu, akingojea kupigwa picha ya viza.

"Nyuma lazima kuwe kweupe, na pazia langu limeanguka," Wairimu alilalamika. Akamtazama Hussam. "Wewe wa chokaa, hebu mshikie dada hii shuka."

Hussam akaishika.

"Mbona shuka yatetemeka, Bwana?" msichana aliuliza bila kugeuza shingo.

"Muulize anayeitetemesha."

Wairimu alipozitoa picha nne akaguna. "Hizi zitakataliwa. Vidole vyako viwili vinaonekana hapa pembeni."

Wakarudia. Zile mbovu Wairimu alitaka kuzitupa, lakini msichana akazidaka. "Nipe. Si uso wangu huo?" Akazitia mkobani pamoja na vidole vya Hussam.

Jina lake Mardhiya binti Shuaib. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma uzamili Uholanzi, miaka miwili, elimu ya maji ya chini ya ardhi. Visima vya kwa bibi yake, kijijini Siyu, vilikuwa vikigeuka chumvi kimoja baada ya kingine, na yeye alitaka kujua kwa nini. Wakazoeana, kisha wakapendana, na kwa muda wa miezi mitatu Hussam aliyajua makaratasi yake yote: barua za walimu, vyeti, kipimo cha kifua, fomu ya bweni. Alipopata kazi ya chokaa kwenye hoteli moja Ras Kitau, ng'ambo ya maji, walizungumza kwa simu kila alasiri.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vumbi. We?"

"Nimekula maneno ya mama. Asema huko nitaganda."

"Na mafundi wa chokaa wako huko?"

"Kuna mvua tu."

"Basi utarudi."

"Nitarudi, Hussam." Alilisema neno hilo polepole, na Hussam alimwamini.

Zikiwa zimebaki siku kumi na tatu kabla ya safari, Idarus, fundi mwenzake, akavuka kuja Ras Kitau kuazima mwiko.

"Nimepata kazi kwa Bwana Shuaib," alisema. "Orofa ya yuu, ya binti yake. Mkewe, Bi Saadiya, ataka chokaa mpya, kuta zote, na zidaka zote za kuwekea vyombo. Na iwe tayari kabla ya Jumamosi ya pili."

Mwiko ulimponyoka Hussam. Katika nyumba za mji wa kale baba humpa binti yake orofa, na mume ndiye anayehamia. Orofa hiyo hupakwa upya siku za harusi zikikaribia. Hussam mwenyewe alikuwa amepaka orofa kama ishirini, na katika zote ishirini alikula pilau ya harusi. Hakuwahi kuona chokaa ikipakwa kwa ajili ya msichana asiye na mchumba.

Neno moja la kuuliza lingemtosha, lakini hakuuliza. Simu ilipolia alasiri ile, aliitazama mpaka ikanyamaza. Kesho yake vilevile. Siku ya tano akapokea ujumbe: "Nimefanya nini?" Aliusoma, akaizika simu ndani ya mfuko wa vifaa, na usiku hakula. Wivu ulimla kimyakimya, naye aliuona ukimya huo ndio uungwana.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, akapigiwa na namba ngeni.

"Hussam, mwanangu, ni Bi Saadiya. Idarus ameniharibia ukuta. Uye uutazame."

Mama mtu mzima hakataliwi. Hussam akapanda ngazi za Bwana Shuaib, mwiko mkononi. Juu alikuta sanduku liko wazi, masweta mazito na kopo la halwa ndani yake, na Mardhiya amekaa sakafuni kati ya makaratasi. Alikuwa amekonda. Bi Saadiya alisimama mlangoni.

Hussam akautazama ukuta. Ulikuwa mbaya kweli. "Bwana harusi atakuja lini?" aliuliza.

"Bwana harusi wa nani?"

"Wa orofa hii."

Mardhiya alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Siku kumi na moya, Hussam. Sikulala. Nikadhani wanichukia kwa kuwa naondoka. Kumbe ni chokaa?"

"Ni mimi," Bi Saadiya alisema. "Dada yangu alikwenda ng'ambo, orofa yake tukaigeuza ghala. Kila akitaka kurudi auliza, nitakaa wapi? Mpaka leo yuko huko. Huyu wangu ataondoka akiyua chumba chake chamngoja." Akashuka ngazi, akiuacha mlango wazi.

Hussam alipiga magoti mbele ya sanduku. "Nisamehe. Nilikuwa mjinga. Niwalete wazee kesho, wakupose?"

Mardhiya alikunja sweta moja, akalitia sandukuni. "Usinipose."

"Hunipendi?"

"Nakupenda, roho yangu, ndiyo maana. Ukiniposa kesho, baba atataka tufungishwe nikahi palepale. Kisha shangazi zangu wataniuliza, mke wa mtu aenda wapi peke yake? Mimi ni mwoga, nitabaki. Na nikibaki nitakuchukia."

Maneno hayo yalimuuma Hussam kuliko zile siku kumi na moja, kwa kuwa yalikuwa kweli. Akainuka, akaanza kuikwangua kazi ya Idarus. "Basi nenda," alisema akiwa ameelekea ukutani. "Nenda, Mardhiya."

Jumamosi gatini boti ya kuvukia kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Manda ilikuwa ikiunguruma. Bwana Shuaib alikwisha kupakia sanduku. Mardhiya alivaa mtandio uleule wa rangi ya zabibu, koti la kuazima mkononi. Hussam alisimama mbali, kama mtu baki.

Bi Saadiya akamwendea. Mbele ya wapagazi, majirani na mumewe, akatoa ufunguo ndani ya buibui.

"Chokaa mbichi ikifungiwa huota ukungu," alisema. "Mimi magoti hayapandi ngazi kila mara. Uye kila Ijumaa uyafungue madirisha ya yuu."

Wapagazi wakasimama na mizigo mabegani. Mama wa Lamu hampi mwanamume yeyote ufunguo wa orofa ya binti yake, isipokuwa mmoja, atakayehamia humo. Bwana Shuaib alikohoa, akaitazama boti.

Mardhiya aliona. Akarudi hatua tatu, akatoa katika pasipoti picha moja ya zile mbovu, akamkabidhi. "Tatu nakwenda nazo," alisema, akashuka botini.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Hussam alifungua madirisha ya juu moja baada ya jingine. Simu ikalia, akaidaka kabla ya mlio wa pili.

"Umefungua?"

"Nimefungua. Huko je?"

"Mvua. Na ule ukuta wa Idarus?"

"Nimeukwangua wote. Naanza upya."

"Utamaliza lini?"

Hussam aliutazama ukuta. Ilikuwa kazi ya siku mbili.

"Miaka miwili," alisema.