Kadi Inakufa Saa Sita

"Mpenzi, leo ukumbi mtupu. Hakuna meli hata ya dawa."

"Kweli?"

"Nikudanganye ili iweje? Wewe pumzika nyumbani."

Dira akakata simu. Nyumbani wapi! Alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo, ndani ya ukumbi wa chama cha mabaharia, na viti vyote vimejaa. Kule mbele, kwenye kidirisha, mchumba wake, karani wa kuita kazi, alikuwa akirudisha simu mfukoni huku anatabasamu.

Mwezi mzima Dira alikuwa na hakika mchumba wake ana mwanamke mwingine. Sauti za chini kwenye simu, macho yanayokwepa. Jana ndipo fundi wa injini, mama aliyewahi kusafiri naye, alipomtumia ujumbe: "Mbona huonekani? Meli tatu zimetaka afisa wa pili kama wewe. Umeolewa na nchi kavu?"

Sheria ya chama haina mjomba. Kazi ikiitwa, mwenye kadi ya siku nyingi zaidi anaichukua, ila awepo mwenyewe. Kadi ikitimiza mwaka bila kazi inakufa, unaanza upya mkiani. Ya Dira ilikuwa inakufa leo saa sita mchana. Karani alilijua hilo, maana ndiye aliyeigongea muhuri. Na ndiye aliyemwambia, "Usijichoshe kushinda pale. Ikitokea yako, nitakupigia."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro robo.

"Meli ya makontena, safari ya miezi minne!" karani alipaza sauti. "Afisa wa pili mmoja. Kadi!"

"Kadi yangu ina miezi mitano," akasema mmoja.

"Miezi tisa," akajibu mwingine.

"Miezi tisa, mara ya kwanza! Mara ya pili..."

"Mwaka mmoja kasoro dakika kumi na tano."

Ukumbi mzima uligeuka. Kalamu ikamdondoka karani.

"Dira? Wewe si uko nyumbani?"

"Nimekaa vya kutosha."

"Mambo ya chumbani baadaye!" fundi wa injini akapiga kelele kutoka safu ya nyuma. "Soma kadi!"

Watu wakacheka. Dira hakucheka. Alifika kidirishani, akainama.

"Umenificha meli ngapi?"

"Nne."

"Mimi niliambiwa tatu."

Karani akainamisha kichwa. "Niliogopa. Ukiondoka naishi kama mjane. Nikasema kadi ikifa tutafunga ndoa, utazoea."

"Nilidhani una mwanamke. Heri ungekuwa naye, ningejua wa kugombana naye."

Machozi yakamtoka Dira. Alimpenda mwanamume huyu, na hapo ndipo palipouma.

"Nisamehe. Usiende, tafadhali."

"Sheria inasemaje, karani?"

"Inasema... kazi ni yako."

"Kwa sauti. Kama unavyowaitia wengine."

Karani akaliita jina la Dira mbele ya watu wote. Akagonga muhuri kwenye barua ya kumpeleka melini. Muhuri ukakaa upande.

Dira akaichukua barua. Kisha akavua pete ya uchumba, akaisukuma chini ya kioo.

"Ndiyo tumeachana?" karani akauliza.

"Nitunzie. Nikirudi nitaiulizia."

"Nitakupigia kila siku, mpenzi!"

"Usinipigie. Nitakuja mwenyewe nione kwa macho yangu."