Siku Nanga Aliporuka

Kila siku baada ya shule nilikwenda kwenye karakana ya mwalimu wetu wa judo. Mchana alikuwa fundi magodoro. Jioni alisukuma cherehani ukutani, nasi tukatandika mikeka aliyoishona mwenyewe na kuijaza mabaki ya sifongo. Vumbi la sifongo lilituwasha pua, tukapiga chafya mpaka mazoezi yakachelewa kuanza.

Nilikuwa na mkanda wa kahawia. Ulibaki mmoja tu, mweusi, nao niliutaka kuliko kitu chochote. Nyumbani nilijifunga kitambaa cheusi kiunoni, nikajitazama kwenye sufuria.

"Mwanangu," mama alinicheka, "hiyo sufuria isugue, usiisalimie."

Mwenzangu wa mazoezi, aliyejiandaa kwa mtihani uleule, tulimwita Nanga, maana akisimama kwenye mkeka hang'oki. Alikuwa jirani yangu, msichana wa maneno machache. Kila nilipojaribu kumwangusha alibaki wima na kusema, "Bado. Umenivuta koti tu. Ingia chini zaidi."

Bado, bado, kila siku bado! Miezi mitatu kabla ya mtihani nilishindwa kuvumilia, nikamwambia mbele ya wote, "Wewe una kijicho. Unajikaza makusudi ili nisifaulu."

Nanga aliniachia koti. Alikaza mkanda wake, akaenda kukaa peke yake kando ya marobota ya sifongo.

Kesho yake nilichagua mwenzangu mwingine, mvulana tuliyemwita Karatasi kwa wepesi wake. Nilimnong'oneza, "Nikikushika, ruka kidogo." Karatasi alipenda kuchekesha watu, kwa hiyo hakuruka kidogo. Alipaa, akatua kwa kishindo, na watoto wadogo wakapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilijua fika kwamba anaruka mwenyewe, lakini baada ya wiki mbili nikaanza kuamini ni mimi ninayemwangusha.

Nanga alibaki bila mtu wa uzito wake, akawa anafanya mazoezi na watoto wa mkanda mweupe. Mwalimu alipopeleka majina ya watahiniwa, la Nanga halikuwemo, kwa kuwa hakuwa tayari. Nililiona hilo, nikanyamaza.

Siku ya mtihani alikuja mtahini, mama mmoja mfupi mwenye miwani. Nanga naye alikuwepo, amekuja kusaidia kutandika mikeka. Nilimshika Karatasi, akaruka kama kawaida yetu. Mtahini aliandika kitu, kisha akainua macho.

"Haya. Sasa mwangushe yule pale," akasema, akimwonyesha Nanga.

Nanga alivaa koti lake la judo, akaja mkekani. Nilimshika Nanga koti, nikazungusha kiuno, nikavuta. Hakung'oka. Nilisikia pumzi zake sikioni. Kisha ghafla akawa mwepesi, akapita juu ya mgongo wangu na kuanguka chali. Watu wakashangilia.

Nilijua kilichotokea. Nanga, ambaye hakuwahi kuruka kwa ajili ya mtu yeyote, alikuwa ameruka.

Niliinama kumwinua. "Kwa nini?" nikamnong'oneza.

"Ulisema nina kijicho," akajibu, macho yamejaa machozi. "Nilitaka ujue sina."

Mkanda mweusi ulikuwa mezani, umekunjwa vizuri. Niliutazama, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

"Mama," nikamwambia mtahini, "mimi sikumwangusha. Ameruka. Na Karatasi naye huruka. Ni mimi niliyemwomba."

Karatasi alitazama vidole vyake vya miguu. Mtahini akavua miwani.

"La Karatasi nililiona," akasema. "La huyu binti nilikuwa bado nalifikiria. Rudi baada ya miezi sita."

Watu walipoondoka nilibaki nikirundika mikeka pamoja na Nanga na mwalimu. Nililia, lakini si kwa ajili ya mkanda.

"Nisamehe," nikamwambia Nanga. "Nimekupotezea mtihani wako."

"Umenipotezea kweli," akasema, wala hakunibembeleza. Alirundika mkeka mwingine, kisha akaongeza, "Kesho uje mapema."

Mwalimu alivuta godoro lililoletwa kutengenezwa, akafumua mshono. Ndani mlikuwa na matambara matupu.

"Mnaona? Kwa nje limeshonwa vizuri, hata fundi angedanganyika," akasema. "Lakini aliyelilalia aliujua ukweli asubuhi ya kwanza. Mkanda nao ni hivyohivyo, binti yangu. Watu wataona rangi, wewe utajua kilichomo. Na anayekuambia 'bado' usimwite adui, maana ndiye anayekutakia mema. Majuto ni mjukuu. Wako umeshampata, basi akufunze."

Kwa miezi sita nilifanya mazoezi na Nanga, na kwa miezi sita aliniambia "bado". Siku ya mtihani niliomba aanze yeye. Nilijikaza kwa nguvu zangu zote, lakini alining'oa kama mche wa mchicha. Ilipofika zamu yangu niliingia chini, chini zaidi, nikavuta. Nanga alilala chali akitazama dari.

"Hapo sasa!" akasema.

Tulifungwa mikanda pamoja, na watu hutupongeza kwa kufaulu siku moja. Wanaposema hivyo mimi huinamisha kichwa, kwa sababu Nanga angefungwa wake miezi sita mapema kama si ulimi wangu.