Sindano na Mito ya Sufi

Kila akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, msichana huyu alikuwa na kazi moja: kumtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Sindano. Bibi alikuwa fundi wa mito. Mikono yake ilikuwa bado myepesi, lakini macho, loo! Tundu la sindano alilijua kwa jina tu.

"Mke mwenzangu, umefika? Njoo uniokoe!" bibi alimwita kwa utani, na Sindano akaingia mbio katika chumba cha kazi kilichojaa sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi inayopepea hata ukikohoa.

Wiki hiyo Sindano alipiga chafya mfululizo. Macho yalimwasha, pua ikamchuruzika maji.

"Mafua hayo," bibi alisema kwa huruma. Kwake yeye dawa ya kila kitu ilikuwa mto, basi akamshonea mto mpya, akaushindilia sufi tele. Asubuhi Sindano aliamka macho yamevimba. Bibi akamwongezea mto wa pili. Masikini! Kadiri alivyodekezwa ndivyo chafya zilivyozidi.

Siku kifua kilipoanza kumbana na kulia kama filimbi, bibi hakungoja. Alimshika mkono, hao zahanati.

Muuguzi alimsikiliza kifua, akampa dawa ya kuvuta, akasubiri pumzi itulie. Kisha akauliza, "Homa ipo? Na shuleni unapiga chafya?"

Homa haikuwapo. Kwa swali la pili, Sindano aliinamisha kichwa. Alijua jibu siku nyingi.

"Shuleni sipigi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni kwenye sufi tu, na kitandani. Niliogopa kusema. Nikikatazwa kuingia chumbani, nani atamtungia bibi uzi?"

Bibi alishika kichwa. "Jamani! Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikimwumiza kwa mito yangu?"

"Ulimpenda, bibi, ila ulimpendea kwenye vumbi," muuguzi alisema akicheka. "Huu ni mzio. Mafua ya kawaida huisha baada ya siku chache. Mzio huwasha macho na pua, na hurudi kila ukikutana na kile usichopatana nacho. Kaa mbali nacho, mwanangu, na tumia dawa kama nilivyokuandikia. Lakini pumzi ikibana tena, au midomo na uso vikivimba ghafla, msikae nyumbani. Njooni upesi."

Jioni hiyo fundi wa mito aliingia dukani kununua mto wa sponji. Alilipa huku amenuna, muuza duka akaishia kucheka. Tangu siku hiyo, Sindano hukaa barazani, penye hewa safi, akatunga uzi kwenye sindano kumi kwa mpigo, akazichomeka kwenye kitambaa na kukiacha mezani. Bibi hufunga pua kwa leso akishindilia sufi, na hamkumbatii mjukuu wake mpaka kwanza avue nguo zake za kazi.

"Bibi, umenisamehe?" Sindano aliuliza siku moja.

"Kukusamehe nini? Nisikilize tu. Mwili ukikusumbua, sema mapema, hata kama unaogopa jibu. Wa kunitungia uzi sitamkosa, hata mpita njia nitamwomba. Lakini wewe, mke mwenzangu, mwingine nitamtoa wapi?"