Nukta Nyekundu Kwenye Plagi

"Shangazi anaumwa," ilisema sauti kwenye simu. "Dawa ifike kanisani Jumapili kabla ya jua kuzama."

"Itafika."

Zeca Ngunza akakata simu. Luanda ilimjua kama mpiga gitaa. Wachache walijua kuwa ni jasusi wa wapigania uhuru, na kwamba "shangazi" ni redio yao ya msituni, na "dawa" ni kipande cha kioo cha fuwele kinachoendesha mtambo wa matangazo, kidogo kuliko kibiriti. Bila hicho redio hiyo ingebaki bubu, na Wareno wangezidi kutangaza kwamba vita vimekwisha.

Uongo mtupu!

Alikificha ndani ya redio kuukuu ya Philips, ya valvu. Aling'oa sehemu ya kunasa stesheni, akalehemu tundu la waya wa gitaa kwenye kidhibiti cha sauti. Redio ikawa amplifaya. Palipobaki wazi, akapachika kioo.

Redio hiyo ilikuwa na ubaya mmoja: haikuwa na transfoma. Ukichomeka plagi nukta nyekundu ikiwa juu, shwari. Ukiigeuza, umeme unakwenda moja kwa moja hadi kwenye nyuzi za gitaa. Zeca alishaonja mara moja, ndipo akaazima rangi ya kucha na kuweka ile nukta.

Jumapili alasiri ua wa Shangazi Bebiana, muuza chakula na pombe, ulifurika watu. Mchanga ulimwagiwa maji, vumbi lisiwasumbue wachezaji. Zeca alikuwa katikati ya wimbo lango lilipopigwa teke.

Inspekta Varela wa polisi wa siri. Nyuma yake askari wawili, bastola za Walther mkononi.

"Zima! Mnasikiliza stesheni ya magaidi."

"Stesheni gani, bwana mkubwa? Hili sanduku ni la gitaa tu."

"Lifungue."

 Uso wa Zeca haukutikisika.

"Ukilifungua dansi imekufa," Bebiana akafoka. "Ugali wangu wote wa funje utaula wewe?"

Watu wakacheka. Varela akaiva uso.

"Lijaribu mwenyewe," alisema Zeca, akichomoa plagi na kumpa gitaa. "Au inspekta hajui kupiga?"

"Nilipiga gitaa kabla hujajua kufuta kamasi, kijana."

Akaketi kwa madaha. Mkono mmoja ukashika nyuzi. Wa pili akauzamisha kwenye karai la bati lenye maji ya barafu, ajichukulie bia ya Cuca bila hata kuomba.

Zeca akachomeka.

Nukta chini.

Varela alipiga yowe, akaruka na kiti chake. Zeca akachomoa upesi. Maiti ya inspekta ingeleta kikosi kizima.

"Limemuua!" askari mmoja akapiga ishara ya msalaba.

"Hajafa, anakoroma," alisema Bebiana. "Mpelekeni hospitali, mnangoja nini?"

Zeca akawanyooshea bisibisi.

"Mnalifungua? Karibuni."

Hakuna aliyeigusa redio. Walimbeba bosi wao hadi kwenye Peugeot, mlango ukabamizwa, wakatokomea.

Zeca akarudisha nukta juu. Akaumalizia wimbo wote, kwa sababu hakutaka wale polisi waseme waliukatiza. Kisha akaitia redio begani, akashika njia ya kanisani, jua bado linawaka.

Kesho yake jioni alipita tena mtaani. Nyuma ya madirisha yaliyofungwa, redio zilikuwa zikinong'ona, nyumba baada ya nyumba.

"Vita havijaisha," sauti ya msituni ilisema.

Zeca akawasha sigara, akaenda zake.