Ndara Zilizoelekea Ndani

Watu ukumbini walikuwa sita, na viatu mlangoni jozi saba.

Mama Hosokawa, mtunza ukumbi wa mtaa, hakuvumilia viatu vya ovyo. Kila Jumamosi mchana, kikundi cha maigizo cha wageni wanaoishi Kanazawa, Japani, kilipokuja kufanya mazoezi, alipita nyuma yao akivigeuza viatu ncha zitazame nje. Mgeni mwenye adabu, alisema, huvua akijua ataondoka. Anayeviacha vielekee ndani amekuja kukaa. Siku hiyo alikuta ndara za majani zilizolowa maji ya buluu. Akazigeuza, akaenda kuchukua dekio. Aliporudi zilikuwa zimeelekea ndani tena.

Alimwita Ligaya aje aone. Ligaya akacheka, akasema hayo ni mapambo ya Benedek, kiongozi wao, maana yule Mhungaria hakosi vituko. Akarudi kwenye mavazi yake.

Juma zima Ligaya, Mfilipino, aliwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea wakongwe. Jumamosi alikuwa fundi wa mavazi, na hakuna aliyemwambia aharakishe. Mumewe, Emrys, mwalimu wa Kiingereza aliyetoka Wales, miaka mitatu alikuwa akipewa nafasi za kusimama tu kama mti. Sasa alikuwa amepata nafasi kubwa: mzimu wa mtia rangi wa mtaa huohuo, aliyezamishwa na nduguye ndani ya pipa lake la nili, rangi ya buluu. Ndugu muuaji aliigizwa na Benedek mwenyewe.

Kuvaa kimono, joho la Kijapani, Ligaya alijifunza kwa video ya simu. Kwanza alijivisha mwenyewe ili mkono uzoee, akafunga aproni juu yake asije akaichafua kwa chaki. Kisha akamvisha Emrys, upande wa kulia juu ya wa kushoto, kama alivyoona. Hakujua kwamba aliyeipiga ile video alitumia kamera ya mbele, ile inayogeuza kulia kuwa kushoto kama kioo.

"Nimependeza?" Emrys akauliza.

"Umekuwa kama godoro lililofungwa kamba, mzee. Haya nenda, wanakungoja."

Alikuwa bado anatabasamu harufu ilipomfikia. Ilikuwa harufu chachu, ya maji yaliyolala mwezi mzima ndani ya pipa. Aliangalia dirisha, lilikuwa limefungwa. Jukwaani Emrys alikuwa ameinua upanga wa maigizo, wa mti wa mwaloni, akasita katikati ya maneno yake, na aliposema tena alisema Kijapani cha zamani, laini, kisicho na kosa, yeye ambaye hata kuagiza tambi alikuwa akinyoosha kidole. Kucha zake zilikuwa za buluu.

Mama Hosokawa aliingia na birika la chai. Alimwona Emrys, akamshika Ligaya kifundo cha mkono hadi kikauma.

"Nani kamvisha hivi?" alinong'ona.

"Mimi."

"Mwanangu, hivyo huvishwa maiti. Mtu hai, upande wa kushoto ndio unakaa juu. Hilo ni vazi la mfu mwenyewe, na umemfungulia mlango."

Upanga ulishuka kabla hajamaliza. Ulimpata Benedek mkononi, na mfupa ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu, na Benedek, aliyedhani bado ni mchezo, alifungua mdomo kulalamika ndipo pigo la pili likamkuta tayani na meno yakatawanyika sakafuni, na waigizaji wawili waliokuwa pembeni wakakimbilia barabarani kutafuta msaada huku Emrys akiutupa upanga, akamkalia mwenzake kifuani, akamshika koo kwa vidole vya buluu na kulikandamiza polepole, kwa subira, kama mtu anayezamisha kitambaa ndani ya maji na kungoja mapovu yaishe. Ligaya aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na aliloliogopa zaidi ni kwamba Benedek akikata roho, muuaji atakayepelekwa polisi ni Emrys wake.

"Mgeuzie vazi," Mama Hosokawa alinong'ona. "Upesi."

Ligaya alinyakua mkasi wake wa kitambaa, akamrukia mumewe mgongoni. Kiwiko kilimpasua mdomo. Mkono ukamrarua aproni ikaruka. Hakumwachia. Aliukata mshipi kwa mkasi, akaliachanisha vazi, akavuta upande wa kushoto kwa nguvu zake zote akaulaza juu ya wa kulia, akaukumbatia hivyo hivyo damu ikimtiririka kidevuni.

Emrys alilegea. Alitapika maji ya buluu, akaanza kulia kwa lugha ya kwao. Pembeni Benedek alivuta pumzi kwa kukoroma, lakini alivuta. Ligaya akamlaza mumewe mapajani, akampapasa nywele, akamwambia yameisha, mzee wangu, yameisha.

Mama Hosokawa alikwenda mlangoni kutazama. Alirudi taratibu, rangi imemtoka.

"Ndara bado zipo," alisema kwa sauti ndogo. "Zimeelekea ndani."

Kisha macho yake yakashuka, yakatua kifuani pa Ligaya, pale aproni ilipokuwa.

Ligaya naye aliinama kujitazama. Upande wa kulia ulikuwa juu ya wa kushoto. Alitaka kupeleka mkono augeuze, mkono haukwenda. Alitaka kumwambia Emrys akimbie, lakini mdomo ulijaa maji machachu. Mkasi ulikuwa bado kiganjani mwake, na kucha zilizoushika zilianza kugeuka buluu, moja baada ya nyingine.

Emrys alikuwa amefumba macho. Alipohisi mkono wa mkewe ukimkaribia, aliinua kidevu ili amfute damu iliyomdondokea shingoni.