Chumba cha Mama kwa Siku Kumi na Mbili

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa na birika mkononi na mtoto mgongoni. Pacha wa pili alikuwa sakafuni, anapiga ndoo kwa kijiko. Kila kona ilikuwa na vumbi, mbao na watu. Hakujua ashike lipi, aache lipi.

Mama mkwe wake alivunjika nyonga, na tangu siku hiyo anatumia kiti cha magurudumu. Alikuwa akikaa kwa binti yake, lakini binti huyo anahama kikazi. Zimebaki siku kumi na mbili. Mama lazima aje hapa, na hapa hakuna nafasi. Kwa hiyo Baba Pacha, ambaye ni mwashi, alijenga chumba kipya ubavuni mwa nyumba.

"Shemeji, njoo uone!" aliita mdogo wa mumewe. Yeye ni mpaka rangi, na watu humwita Brashi. "Ukuta unang'aa kama jino la dhahabu!"

Kweli uling'aa. Mara fundi umeme akaingia na nyundo na tindo. Paa! Kipande cha plasta kikaanguka.

"We! Una wazimu?" Brashi alipiga kelele. "Rangi haijakauka!"

"Sasa nyaya nipitishe wapi, hewani? Nani alikuambia upake kabla yangu?"

"Shemeji."

"Na mimi nani aliniita leo? Shemeji huyohuyo."

Wote wakamgeukia. Mama Pacha alihisi masikio yanawaka moto. Ni kweli. Brashi aliuliza, "Nianze?" akamjibu ndiyo. Fundi umeme aliuliza, "Nije?" akamjibu ndiyo. Alidhani kila mtu akishika chombo chake, kazi inakwenda. Mbona sasa inarudi nyuma?

"Mnaua mtu humo?" Sauti ilitoka uani. Alikuwa jirani yao, mama anayesimamia ujenzi wa majengo makubwa. Futi ya kupimia haitoki kiunoni mwake, ndiyo maana anaitwa Mama Futi.

"Afadhali umekuja, dada," alisema Mama Pacha. "Kichwa kinanizunguka. Kila mtu anafanya kazi, na hakuna kinachokwisha."

Mama Futi alitazama ukuta uliotobolewa. Hakucheka.

"Kazi hii ikiisha, kutakuwa na nini?"

"Chumba," alijibu Baba Pacha.

"Cha kufanya nini?"

"Cha mama kulala. Jirani, hilo nalo swali?"

"Na mama mwenyewe anasemaje?"

Baba Pacha alimtazama mkewe. Mkewe akamtazama Brashi. Brashi akatazama brashi yake.

Mama Pacha alichukua simu, akampigia mama mkwe na kuweka sauti kubwa.

"Shikamoo mama. Tunauliza, unataka chumba chako kiweje?"

"Marahaba, mwanangu. Leo ndiyo mnakumbuka kuniuliza? Kiwe chochote. Mimi ninataka kwenda chooni mwenyewe. Nimechoka kubebwa kama gunia la viazi. Mtu mzima mimi!"

Simu ilipokatika, wote walitoka nje, wakaenda uani. Kutoka chumba kipya hadi chooni kulikuwa na ngazi mbili. Mama Futi alipima mlango wa choo.

"Sentimita sitini. Kiti cha mama kina upana gani?"

Walipiga simu tena. Sitini na sita.

Mama Pacha alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miezi miwili ya vumbi, na mama asingeweza hata kufika chooni!

"Usilie," alisema Mama Futi. "Sasa angalau mnajua mnachojenga. Lengo si chumba. Lengo ni mama afike chooni bila kubebwa. Nipe karatasi."

Walirarua kalenda ya zamani vipande vipande. Kila kazi ikapata kipande chake: nyaya, rangi, mlango mpana, njia ya mteremko juu ya ngazi. Walivipanga mezani. Mama Pacha aliweka rangi mwanzo, akaitoa, akairudisha.

"Mimi sielewi, dada. Kipi kinatangulia?"

"Shika kimoja. Jiulize, hiki kinangoja nini?"

"Rangi... inangoja plasta. Plasta inangoja nyaya."

"Umeona? Na kazi ipi inakula siku nyingi?"

"Mteremko," alisema Baba Pacha. "Saruji humwagiliwa maji siku saba ikomae. Mimi ningeuweka mwishoni."

"Mwishoni utakuta mama yuko mlangoni na saruji bado mbichi. Anza nao leo. Na uwe mrefu. Ukiufanya mfupi, mama atashuka kama gari lililokata breki."

Kisha Mama Futi aliandika jina moja kwenye kila karatasi. "Jina moja tu. Kazi ya wote haina mwenyewe." Akahesabu siku: tisa za kazi, tatu za akiba. "Kila asubuhi, kabla ya chai, semeni: jana nini kimekwisha, leo nini, nini kimekwama."

"Na dari ya nyota?" aliuliza Brashi. "Nimeshaichora kichwani."

"Itamfikisha mama chooni?"

"Hapana."

"Basi ibaki kichwani kwanza."

Siku nne zilienda vizuri. Siku ya tano seremala aliyepewa kazi ya mlango wa choo hakuja, mtoto wake alikuwa mgonjwa. Mama Pacha alichanganyikiwa tena. Nusura aseme ndiyo Brashi alipojitolea kubomoa mlango mwenyewe. Akasita. Akaenda mezani, akasoma karatasi.

"Mlango unangoja seremala. Rangi haingoji mlango," alisema taratibu. "Shemeji, kapake chumbani. Mlango tutaupa siku mbili za akiba."

Baba Pacha alimtazama. "Sawa, nyapara," alisema, na hakuwa anatania.

Siku ya kumi na mbili mama mkwe alifika. Alisifu rangi kwa neno moja, kisha akauliza, "Njia iko wapi?"

Akazungusha magurudumu mwenyewe. Akashuka mteremko polepole, mikono ikizuia magurudumu. Nyuma yake wote wakamfuata: mwanawe, Brashi, Mama Pacha na watoto wake pacha. Kiti kilipita mlangoni bila kugusa fremu.

Mama mkwe akageuza shingo.

"Nyie mnakwenda wapi?"

"Tunakusindikiza, mama."

"Chooni?"

Akavuta mlango. Komeo likalia, ka! Walisimama nje wakitazamana, hawajui wafanye nini.

"Na muondoke hapo mlangoni!" sauti ikatoka ndani.